Kwa wajumbe wapya wa kamati: muhali utawaponza

Hongereni kwa kuchaguliwa, na poleni. Mimi nimekaa kwenye kamati ya chama cha kusomesha yatima hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka 11, na miaka mitano katika hiyo nilikuwa katibu. Ninayowaandikia mengi nimeyajua baada ya kuyakosea.

Chama kikifa, watu husema pesa zimeliwa. Kwa niliyoyaona mimi, wezi ni wachache. Kinachoviua vyama vyetu ni muhali. Mtu anaona jambo haliendi sawa, anamtazama anayelifanya, kumbe ni mzee wake aliyemsomesha chuoni, basi anameza mate na kunyamaza.

Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa mtu wa kuaminika kuliko sote. Pesa alizitunza nyumbani kwake, na hesabu alikuwa nazo kichwani na kwenye kidaftari chenye vifupisho alivyovijua mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwomba risiti. Ungeanzaje? Akafariki ghafla. Baada ya hitma tukakaa na wanawe: wao hawajui kitu, sisi hatujui kitu. Pesa hazikuonekana, wala hatukupata sababu ya kumtuhumu. Lakini vibarazani maneno yakaanza, na mpaka leo hayajamwacha marehemu. Laiti tungemdai karatasi akiwa hai, tungekuwa tumemsitiri.

Kwa hiyo msijitie ukali, maana hautadumu wiki mbili. Wekeni utaratibu utakaouliza kwa niaba yenu. Kila mwezi, mjumbe asiyekuwa mtia saini alinganishe taarifa ya benki na daftari la mweka hazina, hata kama hakuna shaka yoyote. Likifanyika kila mwezi, hakuna atakayejiona anashukiwa. Mkingoja mpaka mshuku, mmeshachelewa, na hapo kuuliza kunakuwa ugomvi.

Saini za benki nazo zina mtego wake. Sisi tulikuwa na watia saini watatu, na hundi haikupita bila saini mbili. Utaratibu mzuri sana, mpaka mmoja wao aliposafiri kwenda Pemba akaacha hundi tano ameshazitia saini, tupu, “ili kazi zisikwame”. Tukamshukuru! Siku hizi hundi zimepungua, lakini ujinga ni uleule: laini ya simu ya chama imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na namba ya siri anaijua yeye na mwanawe.

Sasa niwaambie kuhusu Mengineyo, maana hili hamtalikuta kwenye semina. Ajenda huanza vizuri: kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo. Mnabishana saa nzima kuhusu rangi ya fulana. Magharibi inakaribia, nusu ya watu wameshaaga, ndipo kwenye Mengineyo mtu anasema, “Kuna kajambo kadogo tu.” Kajambo hako ni laki nane. Wajumbe wamechoka, akidi haipo tena, na aliyeleta hoja ni shemeji wa mwenyekiti. Linapita. Nikiwa katibu niliomba tuandike kwenye kanuni kwamba jambo lolote la pesa lisiloandikwa kwenye ajenda tangu mwanzo lisubiri kikao kijacho. Walininunia miezi miwili. Kisha wakazoea.

Ya shemeji yasiwatishe. Huu ni mji wa watu wanaojuana, na mkitafuta fundi au muuza sare asiye ndugu wa mjumbe yeyote mtafika Muheza. Anayehusika aseme mwanzoni, atoke nje wengine wakiamua, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Bei za maduka mawili au matatu ziwe mezani. Akishinda kwa bei, auze.

Usajili pia huwachanganya wengi. Jumuiya husajiliwa na Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika lisilo la kiserikali lina msajili wake mwingine, chini ya sheria ya 2002, na tangu marekebisho ya 2019 cheti chake kina muda wa miaka 10, basi msikitundike ukutani mkakisahau. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ndiko wadhamini wanakosajiliwa ili mali iandikwe kwa jina la bodi yao. Ukiwa na usajili wa jumuiya peke yake, kiwanja hukiandika kwa jina la nani? Sisi tuliandika jina la mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema, na alikirudisha alipotakiwa, lakini kabla ya hapo ilibidi tumwombee dua ya umri mrefu kila Ijumaa, na sehemu ya dua ile ilikuwa ya kiwanja.

Muda wa uongozi uandikeni kwenye katiba, kisha uheshimiwe. Mji wetu una msemo wa waja leo waondoka leo. Kwenye kamati zetu mtu huja leo, na miaka 20 baadaye bado ndiye mwenye mhuri.

Wanachama wasomeeni mapato na matumizi kwa shilingi, tena kwa sauti. Kwenye mkutano wetu mmoja bibi mmoja aliuliza 3,500 za makato ya benki ni za nini. Vijana wakacheka. Mweka hazina mpya hakucheka. Alifungua faili, akamwonyesha karatasi, na mwaka uliofuata bibi yule alikuja na wenzake wanne waliokuwa wameacha kulipa ada.

Siku ya kuondoka, kabidhini kwa maandishi, pande zote mbili zitie saini. Orodha yangu ilikuwa na vitu 14. Cha mwisho kilikuwa ufunguo wa kabati ambalo halijafungika tangu nilipolikuta, na hilo pia nililiandika.