Jarida la dansi: anzeni na jalada, tathmini iwafuate wasomaji

Mdogo wangu, umesema darasa lenu hapo Dodoma linaandaa jarida la muziki wa dansi, jalada lina picha sita, na mwalimu anataka tathmini ambayo hamjui ianzie wapi.

Picha sita zinagombana. Chagueni moja, labda mpiga tarumbeta aliyevimba mashavu, ijaze ukurasa. Jina la jarida likae juu kwa herufi nene zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Aina mbili za herufi zinatosha jarida zima. Kabla hamjalipia rangi, toeni kopi ya nyeusi na nyeupe pale steshenari: maandishi yakimezwa na picha, hata rangi haitayaokoa. Na kama mtakunja A4 katikati na kubana pini, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4.

Ndani, msiiachie Dar es Salaam kila kitu. Bendi za huko, Msondo na Sikinde (iliyoanza 1978), lazima ziwemo, lakini Morogoro, jirani zenu, ndiko alikotamba mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Tafuteni pia mzee aliyecheza dansi Dodoma enzi hizo. Huo ndio ukurasa ninaoutamani mimi!

Kwenye tathmini, msiulize "mmelipenda?" Watu wataitikia kwa adabu tu. Mpeni muuza duka wa Majengo nakala, mkae kimya, mwandike: alifungua wapi kwanza, aliruka nini, wapi alirudi kusoma. Fanyeni hivyo kwa vijana na wazee. Kisha wekeni jalada la mwanzo kando ya lililorekebishwa, mweleze ni msomaji gani aliyewafanya mbadilishe nini.