Ijumaa jioni ukitoka getini

Kila Ijumaa alasiri, kabla kombania haijaruhusiwa kutawanyika, kamanda husimama mbele ya gwaride na kutoa nasaha za wikendi. Usinywe ukaendesha. Usimpige mwenzi wako. Ukimwona mwenzako anaharibikiwa, mzuie. Wapo wanaotia na ule utani wa siku zote: usiongeze idadi ya watu duniani, wala usiipunguze. Vijana wanacheka, wanaitikia kwa sauti moja, na muda si mrefu foleni ya magari imefika getini. Nimesimama pande zote mbili za gwaride hilo pale Fort Hood, kambi ya Jeshi la Marekani huko Texas: kwanza nikiwa askari wa chini kabisa, baadaye sajini mwenye seksheni yake.

Nasaha zile sizidharau. Kasoro yake ni kwamba zinamtazama askari anapotoka. Wengi niliowahofia walikuwa salama Ijumaa na Jumamosi; roho yangu ilikuwa juu Jumapili usiku, saa za kurudi.

Nawaandikia hasa wadogo zangu wa Afrika Mashariki mlioko Jeshi la Marekani. Wengine mliingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wasio raia wenye lugha au ujuzi adimu ulioanza 2009 na kusimama 2016, ambao ulikihesabu Kiswahili kati ya lugha zilizotakiwa. Wengine kwa bahati nasibu ya viza na green card. Wikendi yetu haifanani na ya kijana wa Ohio. Yeye akiwa mabwenini anacheza gemu, wewe una harusi Houston, ubarikio Dallas, na msiba ambao usipoonekana utasemwa hadi Mbagala.

Chukua Houston. Kutoka Killeen, mji ulio getini kwetu, ni kama kilomita 300, saa tatu na ushee za barabarani. Sherehe ya Jumapili inaisha saa nane usiku. Ukiondoka hapo hapo unaingia kambini saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na mbili na nusu uko kwenye mazoezi. Kama uliamka Jumapili saa moja asubuhi, unapofika getini una saa 22 bila usingizi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema mtu aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05, na akifikisha saa 24 ni kama 0.10. Kikomo cha Texas ni 0.08. Hapo hujaonja hata bia.

Na njia yenyewe haina huruma. Ukishaiacha barabara kuu ya 290 pale Brenham, unashika ile ya 36 kupitia Caldwell, Milano na Cameron mpaka Temple. Sehemu kubwa ni giza, na kulungu hukatiza bila taarifa. Akikutokea mbele, kanyaga breki ukiwa umenyoosha usukani. Kumkwepa ndiko kunakokupindua.

Kwa hiyo panga wikendi kuanzia mwisho wake. Jumatatu unatakiwa wapi, saa ngapi? Toa saa saba za kulala, toa safari, na saa inayobaki ndiyo yako ya kuaga. Mwambie mwenye sherehe tangu Ijumaa, "Shangazi, mimi saa kumi na mbili jioni naondoka," ili asikushike mkono mbele ya watu chakula kinapoletwa. Kama haiwezekani, omba likizo ya Jumatatu. Tunapewa siku 30 kwa mwaka na sisi tunazikumbatia zote kwa ajili ya kwenda nyumbani Desemba. Naelewa, nami nilifanya hivyo. Lakini siku moja ukiitumia kulala Houston, bado unabaki na 29 za kula pilau kwa mama. Na usingizi ukikukamata barabarani, sehemu za mapumziko za serikali ya Texas zinakuruhusu kukaa hadi saa 24. Kunywa kahawa, funga milango, lala dakika ishirini, kisha uendelee. Kufungua dirisha na kupandisha muziki ni kujidanganya.

Kuna jambo ambalo halisemwi kwenye gwaride kabisa: kubeba boksi. Askari wetu wengi wana kazi ya pili. Zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, Uber, ghala la mizigo. Kanuni inataka kibali cha kamanda kwa kazi yoyote ya nje, na kwa kuogopa kunyimwa, watu wanaficha. Nilikuwa na kijana aliyekuwa akisinzia kila Jumatatu, na wenzake wakamhukumu kuwa mlevi. Nilipomweka pembeni, tukaongea Kiswahili, ikajulikana analala saa chache sana Ijumaa hadi Jumapili kwa ajili ya ada ya wadogo zake. Tulimwombea kibali, kwa sharti kwamba Jumapili usiku haingii zamu. Wapo masajini wanaoamini dawa ni kukataza tu. Mimi naona ukikataza, kazi itaendelea, ila wewe hutajua.

Na kama kinachokusukuma ni msiba au ugonjwa nyumbani, kabla ya kuongeza zamu nenda Army Emergency Relief, mfuko wa kuwasaidia askari wenye dharura. Wanatoa mkopo usio na riba, wakati mwingine msaada usiorudishwa, na nauli ya msiba ni kati ya mambo wanayoyafahamu vizuri. Ndugu zako wapitie Red Cross kuthibitisha taarifa, maana ujumbe wake ndio unaomrahisishia kamanda kutoa likizo ya dharura. Wafundishe mapema, siku ya kilio hakuna mwenye utulivu wa kutafuta namba.

Maji sasa. Pale tuna Belton na Stillhouse Hollow, yote mabwawa ya kutengenezwa. Waliokulia Singida wanayaogopa, na wanafanya vizuri. Walionitia wasiwasi ni sisi wa Tanga na Unguja tunaojiona samaki. Maji ya chumvi yanakubeba, ya baridi na matamu hayakubebi hivyo. Chini kuna miti iliyozama, hatua moja uko kifuani, ya pili hupati ardhi, na maji ni machafu kiasi kwamba aliyezama haonekani. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako wanacheka. Asiyejua kuogelea aulize mafunzo kwenye bwawa la kuogelea la kambi.

Mvua ikinyesha, usivuke barabara iliyofunikwa na maji. Tarehe 2 Juni 2016, lori la jeshi lilipinduliwa na mafuriko pale Owl Creek, ndani ya Fort Hood, wakafa askari 8 na kadeti mmoja wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi. Hao walikuwa mazoezini, ndani ya lori kubwa. Gari lako dogo linaweza kubebwa na maji ya kina cha sentimita 30 tu.

Pikipiki sina mengi. Kozi ni ya lazima na jeshi linailipia, na kofia ngumu utaivaa hata nje ya kambi, sheria ya Texas isipokulazimisha. Kuendesha bodaboda Manzese hakukuandai kwa pikipiki ya mbio uliyoinunua kwa pesa ya kutoka misheni.

Mwisho ni karatasi, na hapa wahamiaji tuna zaidi ya kupoteza. Kukamatwa umelewa kwenye usukani kunamletea askari karipio la maandishi la jenerali, na kunaweza kukukwamisha kwenye maombi ya uraia, kwa sababu wanachunguza tabia njema. Aliyepata uraia kupitia utumishi wa jeshi anaweza hata kunyang'anywa akifukuzwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Ukiumia kwa utovu wako mwenyewe, uchunguzi unaweza kuamua kwamba jeraha lako halihesabiwi kuwa la utumishi, na mafao ya ulemavu yakakupita.

Halafu fungua fomu yako ya SGLI, bima ya maisha ya askari. Tangu Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000. Kijana aliyeingia jeshini kabla ya kuoa huwa ameandika jina la baba, miaka inapita, baba amefariki, mke na mtoto hawamo. Kubadilisha ni suala la dakika chache mtandaoni. Fanya Ijumaa mchana, kabla ya gwaride.