Kandambili chini ya mto

SWALI: Asalaam aleikum. Mjukuu wangu wa miaka minne kapatikana na saratani ya damu. Mama yake kampeleka Muhimbili, sasa huu ni mwezi wa tatu wako huko. Mimi niko Wete, Pemba, na kaka yake wa miaka minane. Tulimwambia mama kenda Dar kumtazama jamaa. Tangu hapo anakojoa kitandani, kwenye chuo cha Kurani anapigana, na juzi nimekuta kaficha kandambili za mdogo wake chini ya mto. Jirani anasema ni hasadi, nimnyweshe kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Nifanyeje? — Bibi, Wete

JIBU: Waaleikumu salaam, bibi yangu. Kombe ukitaka mnyweshe, sikukatazi. Lakini huyo mtoto keshajua. Nyumba zetu hizi, mtu akilia kwenye simu chumbani, ukumbini wanasikia. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, na pengo hilo hulijaza mwenyewe kwa mawazo yake.

Nilipokuwa nauguza watoto, kijana mmoja wa Mkoani aliniuliza, kichwa kainamisha, kama kumsukuma mdogo wake mwembeni ndiko kulikomletea uvimbe. Miezi kaishika siri hiyo peke yake. Nami nilikuwa nikimpita kila siku kwenda kwa mgonjwa!

Basi mkalishe, mwambie kwa jina: "Mdogo wako ana saratani ya damu. Hukumletea wewe, wala ugomvi wenu. Haiambukizi. Dawa zitamtoa nywele, zitaota tena." Asije akaona upara siku ya kurudi akatoka mbio. Akiuliza kama atakufa, usimwapie kuwa atapona. Mwambie madaktari wanamtibu, tunamuombea, na nikijua jambo nitakwambia. Wala usiseme wanarudi wiki ijayo: matibabu ya maradhi haya kwa watoto mara nyingi huchukua kama miaka miwili hadi mitatu, hata wakiwa wanakuja nyumbani baina yake. Wakija, kaka mtu akiwa na homa au tetekuwanga, watenganishe, na umweleze kuwa ni dawa zilizompunguzia mwenzake kinga, si kwamba yeye mbaya.

Mkojo usimtolee maneno, hasa mbele ya watoto wa jirani. Tandika nailoni chini ya shuka, basi. Mweleze ustadhi wake na mwalimu wa skuli, maana wanamchapa kwa utundu asioutaka. Baada ya Magharibi mama apige simu aongee na yeye kwanza, ndipo na wewe. Akiwa hali chakula, au anasema bora afe, mpeleke hospitali, uulize mhudumu wa afya ya akili. Ukitaja afya ya akili watu wanawaza Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja. Si huko ninakokutuma.

Na wewe bibi, usiku unalala? Barua yako haikusema.

Kandambili usizitoe. Muulize tu: tumpe mtu wa boti ampelekee mwenyewe, au zikae hapo hapo mpaka arudi? Atakalojibu, lifanye.