Miguu inayowaka ndani ya viatu virefu usiku wa harusi: yale niliyojifunza hapa Goma

Dada yangu, umeeleza kwamba harusi ya mdogo wako ni baada ya wiki tatu, kwamba umekwisha kununua viatu vyenye kisigino cha sentimita 11, na kwamba kila unapovaa viatu vya namna hiyo nyayo zako huanza kuwaka kabla chakula hakijaletwa mezani, ukalazimika kuvivua chini ya meza na baadaye ukashindwa kuvirudisha miguuni. Umeuliza kama ni vema kupaka dawa ya ganzi au kumeza kidonge cha maumivu kabla ya kutoka nyumbani, na kama ni aibu kubadili viatu katikati ya sherehe. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nimefanya kazi ya kupokea wageni katika kumbi za sherehe hapa Goma kwa miaka minane, kazi ya kusimama tangu saa kumi na moja jioni hadi karibu na usiku wa manane, na karibu kila kosa nitakalolitaja nimelifanya mimi mwenyewe.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba kiatu kirefu ni mteremko, na mguu uliowekwa juu ya mteremko huteleza kwenda chini usipozuiwa. Urefu wa kisigino huhamisha uzito wa mwili kuuleta mbele, kwenye sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na hilo haliepukiki. Lakini sehemu kubwa ya mateso tunayoyalalamikia hutokea pale ambapo mguu, kwa kila hatua, husogea mbele kidogo, vidole vikabanwa kwenye ncha ya kiatu, na ngozi ya chini ikasuguliwa hadi ikapata moto. Tangu nilipoanza kujiuliza swali moja tu kuhusu kila kiatu, yaani ni kitu gani kitakachouzuia mguu wangu usiteleze, maumivu yangu yamepungua kuliko yalivyopungua kwa dawa yoyote.

Nilijifunza hilo kwa kupoteza ukucha. Katika harusi ya binamu yangu nilivaa viatu vilivyopungua namba moja, kwa kuwa muuzaji hakuwa na namba yangu na mimi niliipenda rangi yake mno. Kesho yake asubuhi niliona doa jeusi kama tone la wino chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Doa likaenea, ukucha ukalegea, na baada ya wiki kadhaa ukabanduka wenyewe nilipokuwa nikivua soksi. Ukucha mpya ulichukua zaidi ya mwaka kukua hadi mwisho. Daktari aliyeuangalia aliniambia kwamba haukugongwa na kitu chochote kutoka nje. Ulikuwa ukigonga ndani ya kiatu kwa saa sita mfululizo.

Kwa hiyo anza na viatu ulivyonavyo. Pima kwanza unene wa soli ya mbele, kwa sababu mteremko halisi hupatikana kwa kutoa unene huo katika urefu wa kisigino: kisigino cha sentimita 11 chenye soli ya mbele ya sentimita 3 kinaubeba mguu kana kwamba ni cha sentimita 8, ilhali kisigino hichohicho chenye soli nyembamba kama karatasi kinakuachia sentimita 11 zote. Ikiwa soli ya mbele ni nyembamba, fundi viatu mzuri anaweza kupunguza kisigino kwa sentimita moja hivi bila kukiharibu kiatu. Ukimwomba apunguze zaidi ya hapo, kiatu hupoteza mizani yake na ncha ya mbele huinuka. Kisha kiweke kiatu mezani na ukibonyeze katikati, mahali ambapo upinde wa unyayo hukaa. Ndani ya soli mna kipande kigumu, mara nyingi cha chuma, kinachoubeba mguu baina ya kisigino na vidole. Kiatu kikipinda hapo katikati badala ya kupinda kwenye vidole, chuma hicho kimevunjika au hakikuwamo kamwe. Viatu vya mitumba huwa na kasoro hii mara nyingi, na hakuna sponji itakayoirekebisha. Angalia pia mpira ulio chini ya kisigino. Ukiwa umekwisha, msumari hutokeza na utateleza kwenye sakafu ya marumaru.

Ukikuta kwamba kiatu hakina mkanda wa kushika kifundo cha mguu, mpelekee fundi auongeze. Mimi nauthamini mkanda huo kuliko vitu vyote vinavyouzwa kwa ajili ya miguu, kwa sababu ndio unaoushika mguu nyuma, na nimeona viatu vya bei ndogo vyenye mkanda vikimfikisha mtu usiku wa manane huku viatu vya gharama visivyo na mkanda vikivuliwa saa mbili. Iwapo siku nyingine utanunua viatu vipya, nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyokuwa shereheni, ukavijaribu ukiwa umesimama, na uufuate mguu ulio mkubwa, kwani miguu miwili ya mtu mmoja hailingani kila mara.

Sasa nije kwenye vipande vya kuweka ndani, ambavyo wengi huviweka mahali pasipofaa. Ukikiweka kipande cha sponji moja kwa moja chini ya mahali panapouma, unapainua mahali hapohapo na kupazidishia mgandamizo. Kipande kinatakiwa kukaa nyuma kidogo ya mahali hapo, upande wa kisigino, ili uzito upokelewe kabla haujafika kwenye mifupa inayouma. Fundi mmoja mzee anayefanyia kazi pembeni mwa soko la Birere alinionyesha namna ya kupata mahali hapo bila kubahatisha: papase unyayo wako hadi upate ile nukta inayouma zaidi, ipake rangi ya midomo, kisha vaa kiatu bila soksi na usimame kwa uzito wako wote. Ukivua, utaiona alama nyekundu ndani ya kiatu. Kipande chako, kiwe cha jeli au cha ngozi laini, kibandike ukingo wake wa mbele ukiishia pale alama inapoanzia. Yeye alinikatia kipande cha ngozi chenye umbo la yai, kisichozidi nusu sentimita kwa unene, akakinoa pembeni kwa kisu hadi kikawa kama kimeota ndani ya kiatu, na bado ninakitumia. Usiongeze vipande vingi, maana kila unachokiongeza kinakula nafasi ya vidole.

Nimeona pia watu wakishauri kufunga kidole cha tatu na cha nne pamoja kwa plasta, kwa hoja kwamba kuna mshipa wa fahamu unaobanwa baina yao. Ni kweli kwamba mshipa huo upo na kwamba kwa baadhi ya watu huvimba kwa kubanwa na viatu vyembamba, lakini mimi nilipojaribu kufunga vidole sikupata nafuu yoyote.

Wiki tatu ulizonazo zitumie kwa mazoezi, kwa mguu na kwa kiatu pia. Siku za kwanza vivae nyumbani kwa dakika 20 ukiwa na soksi nyembamba, ukitembea sakafuni na kufanya kazi nyepesi. Siku zinazofuata uongeze muda hadi saa nzima, na mwishowe uvicheze, kwa sababu wanaomsindikiza bibi harusi hapa kwetu huingia ukumbini kwa kucheza na hatua hizo hukipinda kiatu kuliko kutembea. Popote ngozi itakapopata wekundu, hapo ndipo lengelenge litakapotokea usiku wa harusi, na hapo ndipo utakapobandika plasta mapema kabla hujatoka. Kila jioni nyosha mashavu ya miguu: simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa chini, uhesabu hadi 30, mara tatu kwa kila mguu. Zoezi hili si la urembo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima wanawake waliokuwa wakivaa visigino vya angalau sentimita 5 karibu kila siku kwa miaka miwili au zaidi, ukakuta nyuzi za misuli ya mashavu ya miguu yao ni fupi kwa takriban asilimia 13 kuliko za wanawake wasiovivaa, na kano la kisigino limekuwa nene na gumu zaidi. Ndiyo maana baadhi yetu tunaumia hata tunaporudi kwenye viatu bapa.

Halafu kuna ardhi yetu yenyewe. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto wake hadi katikati ya mji mwezi Januari mwaka 2002, nyua nyingi na njia nyingi za mitaa zimekalia yale mawe meusi tunayoyaita makoro, na hakuna kisigino chembamba kinachoyaweza. Kisigino huingia baina ya mawe mawili, kifundo cha mguu hupinda, na ngozi ya kisigino huchunika kama imepigwa msasa. Mimi huondoka nyumbani na kambambili, viatu virefu vikiwa mfukoni, nikapanda pikipiki hivyohivyo, na kuvivaa mlangoni mwa ukumbi. Nusu saa uliyoiokoa njiani ni nusu saa utakayoihitaji wakati wa kukata keki. Ukilazimika kuvuka makoro kwa ajili ya picha za kando ya ziwa, mwombe mtu akushike mkono na utembee kwa hatua fupi, au vaa kambambili hadi mahali pa kusimama.

Ukumbini, kusimama pasipo kujongea ndiko kunakochosha zaidi, kwa kuwa misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu na isipofanya kazi miguu hujaa. Hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na ukiketi, legeza mkanda na uzungushe vifundo vya miguu bila kuvua kiatu chote. Uvimbe ulioanza hauna kizuizi tena kiatu kikiondoka, na ndiyo sababu ulishindwa kuvirudisha.

Kuhusu dawa ya ganzi, nakusihi usiitumie. Maumivu ndiyo yanayokuambia kwamba ngozi inachanika au kifundo kimepinda, na ukiyanyamazisha utaendelea kucheza juu ya jeraha. Vidonge kama ibuprofeni vikimezwa juu ya tumbo tupu na kufuatiwa na bia huliumiza tumbo, wala havizuii mguu kuteleza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mama yangu mkubwa ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake ilikwisha kupoteza hisia bila yeye kujua. Alicheza usiku mzima akiwa na kidonda kidogo chini ya unyayo, akakigundua kesho yake kwa kuona damu kwenye soksi, na kidonda hicho kilichukua miezi kupona. Mwenye sukari asivae viatu vinavyobana hata kwa saa moja, akague nyayo zake kila jioni, na maji ya moto ya kukandia miguu ayapime kwanza kwa kiwiko.

Ukirudi nyumbani, osha miguu, iinue juu ya mto, kisha viringisha unyayo juu ya chupa ya maji baridi kwa dakika chache. Lengelenge usilichune ngozi yake. Ngozi hiyo ndiyo bandeji bora. Lakini ganzi ya vidole ikidumu kwa siku kadhaa, au kisigino kikiuma kila asubuhi unapokanyaga chini mara ya kwanza, nenda ukaonwe na daktari.

Ama kuhusu kubadili viatu, hakuna aibu yoyote. Nimewaona mabibi harusi wengi wakifanya hivyo mara tu baada ya picha na hatua za kuingia. Tatizo ni gauni. Pindo lililopimwa juu ya sentimita 11 litaburuzika ukivaa viatu bapa, na nimemshika mkono zaidi ya mgeni mmoja aliyekanyaga pindo lake akielekea kupongeza maharusi. Tafuta jozi ya pili yenye kisigino kipana cha sentimita 5 au 6, na uende kwa fundi cherehani ukiwa na jozi zote mbili, ili apime pindo ukiwa umevaa ile fupi.