Ile fulana uliyoniuliza

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama nitachukia ukivaa fulana iliyoandikwa MCHAWI kifuani, ya kuwakumbuka wanawake waliouawa zamani. Kuchukia sichukii. Ila kwanza nikuambie kuhusu shangazi yangu, yule unayemjua kwa picha tu.

Shangazi alikaa peke yake, mume kafa, watoto hana, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka na miaka, basi ikaanza mchawi mchawi. Siku hiyo tunatoka shule wenzangu wakamrushia mawe na mimi nikaokota langu. Likampata kwenye kifundo cha mguu. Akageuka, akaniita lile jina langu la nyumbani, mara moja tu, hakusema kingine. Hadi leo nalisikia.

Ndo maana nasema kila siku, mchawi ni yule asiye na wa kumsemea. Angalia Salem kule Marekani, 1692, wa kwanza kukamatwa kwa uchawi walikuwa watatu: Tituba mtumwa, Sarah Osborne mgonjwa aliyekuwa haonekani kanisani, na Sarah Good ombaomba. Huyo Good walimnyonga, na katoto kake ka kike ka miaka kama 4 wakakafunga minyororo jela. Miaka 4! Anna Göldi wa Uswisi, mtumishi wa ndani, alikatwa kichwa 1782 kwa kuitwa mchawi, jimbo la Glarus lililomuua likaja kumsafisha jina 2008. Nani alimsemea alipokuwa hai?

Sa hivi nyie mnasema mchawi ni mwanamke aliyejua dawa, aliyekataa kupangiwa maisha. Nawaelewa. Lakini Sarah Good alilikana hilo jina mpaka kwenye kitanzi, sasa sisi tunamvalisha tena? Halafu najijibu mwenyewe, labda mkilivaa wengi litaisha makali, mwenye jiwe mkononi asijue amrushie nani. Hapo unanishinda kabisa. Ila mbona shangazi hakuwa na wengi wa kusimama naye, alikuwa na mimi tu, na mimi nikaokota jiwe.

Nimeandika "usivae" nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Amua mwenyewe. Shangazi nadhani asingeivaa. Au angeivaa, kwa sababu tu umempa wewe, maana watoto alikuwa anawapenda mno, hata sisi.

Mama yako