Nilimwambia ana kiburi, kumbe mtoto anaumwa

Juzi dada mmoja wa Majengo kanitumia meseji, binti yake yuko kidato cha pili, karudi likizo anajifungia chumbani tu, haongei, na mama mkwe anasema huo ni utovu wa adabu. Dada yangu nilisoma nikalia, maana hapo ni kwangu kabisa mwaka juzi.

Wangu wa kiume alikuwa na miaka 14. Karudi kutoka bodingi, chakula hali, usiku halali, ukimuuliza "niko poa mama". Nikamwambia ana kiburi, mimi napigwa jua na mitumba Kiboriloni nitafute ada halafu yeye ananinunia! Krismasi tukapanda Kibosho, ukoo mzima pale, mbuzi kachinjwa, mbege ipo, baba zake wadogo wakamuweka kikao, kila mmoja anamwambia kaza, wewe mwanaume. Hakuna aliyemuuliza kitu. Usiku nikamkuta migombani peke yake analia, ndo nikajikumbuka mimi. Mama alinipeleka bodingi nina miaka 7 na mpaka leo hajawahi kuniuliza nililalaje ile siku ya kwanza. Sisemi hakunipenda. Kwetu kupendwa ni kulipiwa ada na kutumiwa mkungu wa ndizi, ila kumwambia mkubwa unajisikiaje, hapo umekosa heshima.

Mimi niliponea kwa bibi. Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori jikoni, hakuangalii usoni, unashtukia umeshasema yote. Watu wanadhani mambo ya mtoto na ukaribu wa mlezi ni ya Wazungu, wakati mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyejulikana dunia nzima kwa hayo alianza kwa kuwafuatilia wamama na vichanga vyao hapo Uganda tu, miaka ya 1950. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, sasa hao wote wana kiburi?

Basi nikamwita jikoni amenye ndizi. Mashangazi wakacheka sana, eti mwanaume! Wiki ya tatu ndo akafunguka, kumbe bwenini walikuwa wanampiga. Nikamhamisha, nikampeleka hospitali kwa wataalamu, na leo anapiga stori mpaka namwambia punguza. Najivunia, sifichi.

Wazazi wenzangu ulizeni, halafu nyamazeni. Vikao vya ukoo ni vya mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, siyo vya mtoto anayelia. Muulize, nyamaza, usimkazie macho.

Mama nilimpigia nikamsimulia yote haya. Kasikiliza weee, halafu akaniuliza ndizi alizonitumia zimefika?