Nyumba Yangu ya Kiamunyi Haiuziki: Je, Ni Benki Iliyokosea?

Swali: Tangu mwaka 2009 ninaishi na familia yangu Kiamunyi, Nakuru, katika nyumba yetu ya vyumba vitatu vya kulala iliyo kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Dalali aliniambia niitangaze kwa shilingi milioni 14, kwa kuwa Nakuru sasa ni jiji na jirani yangu anauza yake kwa milioni 15. Mwaka umekwisha. Mnunuzi mmoja alipatikana, lakini mthamini wa benki yake akaandika milioni 9.5. Dalali anashauri nimtafute mwenye pesa taslimu, na mkataba tuuandike milioni 5 ili kukwepa ushuru. Nifanye nini?

Jibu la mthamini: Jirani yako hauzi kwa milioni 15, anaomba milioni 15, na bango lake likiendelea kupauka langoni mtaendelea kuombea pamoja. Sisi wathamini huanza na nyumba za mtaa huo ambazo zimekwisha kulipiwa na hati zake zikahamishwa, kisha tunarekebisha kwa umbali kutoka lami, upatikanaji wa maji, umri wa jengo na hali ya kuta, maana katika ardhi ya Nakuru yenye mipasuko, ufa unaoteremka kutoka pembe ya dirisha hadi msingi haupitwi hivi hivi.

Kuhusu jiji, ni kweli kwamba Nakuru ilikabidhiwa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini siku hiyo hakuna mwalimu wala muuguzi aliyeongezewa mshahara, na hao ndio wanaokopa ili wanunue nyumba kama yako. Benki huwakopesha sehemu tu ya bei au ya thamani iliyokadiriwa, ikichukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa hiyo, ukishikilia milioni 14, mnunuzi atatafuta ile tofauti ya milioni 4.5 mfukoni mwake, mbali na malipo ya awali, ushuru wa stempu wa asilimia 4 na ada ya wakili. Mwombe akuonyeshe ripoti, uhakikishe kwamba milioni 9.5 ni thamani ya soko wala si ile ya mauzo ya haraka, ambayo huwa chini. Ikiwa ni ya soko, mazungumzo yenu yaanzie hapo.

Suala la kuandika milioni 5 ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ninalisikia kila mara. Ushuru wa stempu hulipwa na mnunuzi, na serikali hutuma mthamini wake kukagua mali, haitegemei tarakimu mliyojiandikia. Kodi inayomhusu muuzaji ni ile ya faida ya mtaji, yaani faida anayopata kwa kuuza mali, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini sheria husamehe nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha. Unashauriwa kughushi mkataba ili ukwepe kodi ambayo, kwa maelezo yako, hudaiwi! Naye mnunuzi, siku atakapouza, faida yake itahesabiwa kuanzia milioni 5, na mkivurugana kabla ya hati kuhamishwa, mkataba utamtetea kwa milioni 5 tu.

Dalali wa namna hii hapotezi chochote akikutajia bei ya juu. Hukubembeleza kwa tarakimu tamu ili umpe kazi, na mara nyingi huongeza cha juu chake bila wewe kujua, ndiyo maana nyumba moja hutangazwa kwa bei tatu tofauti. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka afanyaye kazi hii awe amesajiliwa. Mwombe cheti chake cha usajili, mwandikiane kamisheni yake, na usiwagawie madalali nakala za hati miliki na kitambulisho chako. Anayetaka kuthibitisha umiliki apewe nambari ya ploti akafanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi.